Siku Bi Ionie Alipofunga Kinywa

Sikumpenda Bi Ionie Pottinger, na yeye hakunipenda, na kanisa zima la Wabaptisti la Harmony Ridge lilijua. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nimetumwa kumsifu. Aliwahi kuniambia mbele ya akina mama wote, tukiwa tunamenya viazi vikuu vya sherehe ya mavuno, kwamba ninaimba kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Sikumjibu siku hiyo kwa sababu nilikuwa na kisu mkononi. Tangu hapo tukawa tunasalimiana kwa ajili ya Yesu tu.

Lakini haki yake nitampa. Alikuwa mtoa mistari wetu, kama alivyokuwa baba yake, na hapakuwa na mwingine. Sisi wa milimani tumeimba hivyo tangu enzi ambazo kitabu cha nyimbo kilikuwa kimoja kwa kanisa zima na wengi hawakujua kusoma. Mtoa mistari anasimama chini ya mimbari, anautamka mstari mmoja kwa sauti kavu, haraka haraka, kama mtu anayeita majina. Halafu watu wanauchukua ule mstari na kuuvuta. Wanauvuta taratibu, kila mtu na njia yake, huyu juu, yule chini, hakuna anayehesabu, mpaka sauti ya mwisho inyamaze yenyewe. Ule mwisho tunauita mkia. Mtoa mistari anangoja mkia uishe ndipo atamke mstari unaofuata. Akitamka kabla, amekanyaga mkia, na kwetu hilo ni jambo la aibu, watu wataliongea mpaka sokoni.

Bi Ionie hakuwahi kukanyaga. Benchi la nyuma kulikuwa na mzee mwenye pumu ambaye pumzi yake ilikuwa inakatika na kurudi, inakatika na kurudi, na Bi Ionie alikuwa anamngoja hata huyo. Cha ajabu ni kwamba hicho ndicho kitu pekee duniani alichokuwa na subira nacho. Alipokuwa mpishi wa shule alikuwa anawachapa watoto mwiko kwa kuchelewa kula. Tangawizi yake shambani aliing'oa kabla ya wengine wote, kisha akawalaumu wanunuzi kwamba ni wezi. Hata sala ya chakula aliifupisha. Ukimsimamisha njiani umuulize hali, anakujibu huku anaondoka.

Mumewe Linval alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuwa fundi viatu, mpole, anayekubaliana na kila mtu aliyeketi mbele yake. Walizaa mtoto mmoja tu, Sherene, na huyo alirithi sauti ya mama na ubishi wa mama, upole wa baba ukampita pembeni. Tangu akiwa msichana kila mtu alijua kwamba siku moja ndiye atakayesimama chini ya mimbari. Bi Ionie alikuwa anamfundisha jikoni, wakikuna nazi. Ilipoonekana mafunzo yameiva, Sherene akaenda mjini Kingston kusomea ualimu, na aliporudi alirudi na masikio mengine.

Halafu akaja Mchungaji Fitz-Henley.

Huyu alikuwa kijana mwenye meno mazuri, na aliyatumia. Jumapili yake ya kwanza alituambia amekuja kuunganisha vizazi. Ibada yetu, alisema, itakuwa ya kuchanganya: nusu ya zamani, nusu ya sasa, ili wazee wasiachwe na vijana wasikimbie. Maneno hayo ukiyasikia yanapendeza. Mwezi haukuisha, ukutani kulikuwa na kitambaa cheupe cha projekta, penye kona ya benchi la mashemasi kulikuwa na seti ya ngoma, na spika mbili ndefu zilikuwa zimesimama pande zote za meza ya Bwana kama askari. Aliyeshika maiki, akiongoza kikundi cha nyimbo mpya, alikuwa Sherene.

Mimi sina ugomvi na ngoma. Bibi yangu alipiga ngoma, na wamisionari walimpigia kelele mpaka akazeeka. Nilichokichukia ni ile nusu. Ile nusu yetu ya zamani iliwekwa mwanzo wa ibada, kabla watu hawajafika, wakati mashemasi bado wanapanga vitabu na mbwa wanafukuzwa mlangoni. Mchungaji mwenyewe alikuwa bado anavaa kola. Muda ukiisha, hata kama tuko katikati ya ubeti, mpiga ngoma anagonga vijiti vyake, na kitambaa kinawaka maneno. Kisha tunaambiwa tumechanganywa.

Bi Ionie hakuchanganyika. Kwanza alikataa kuanza mapema. Alingoja kanisa lijae ndipo asimame, na muda wa bendi ukaliwa. Wakamkumbusha kwa adabu. Akahamia mbinu nyingine: bendi ikinyamaza kidogo tu, watu wavute pumzi, yeye anatamka mstari kutoka kwenye benchi lake, na sisi wazee, midomo ikiwa imezoea, tunauchukua. Mpiga ngoma akaamua kumfunika. Akawa yeye anatamka, ngoma inavuma, anatamka, ngoma inavuma, mpaka mgeni mmoja kutoka Port Antonio akauliza kama hiyo ni sehemu ya ibada. Watu wakagawanyika. Waliokuwa wakipeana mashelisheli kwenye uzio wakaacha. Shemasi mmoja alikataa kupokea kikombe cha Bwana kutoka kwa mwenzake aliyeziunga mkono spika.

Mchungaji akajaribu kuchanganya kweli. Akamwomba Bi Ionie atoe mistari huku ngoma inapigwa taratibu chini yake, na Sherene naye akamsihi. Walijaribu siku moja. Ngoma ina hesabu, na mkia hauna, na Bi Ionie alipongoja mkia uishe, ngoma ilikuwa imeshazunguka na kurudi kumtafuta. Akageuka pale pale mbele ya watu akamwambia bintiye, "Mwambie huyo mwenzako anayepiga masufuria kwamba mimi sikimbilii sokoni."

Sherene akajibu kwenye maiki, na kanisa zima likasikia, "Tatizo si masufuria, Mama. Tatizo ni kwamba wewe unataka kila mtu akungoje."

Kuanzia siku hiyo hawakusemeshana. Nyumba zao zilitenganishwa na ua tu. Linval ndiye aliyekuwa akibeba maneno, mwambie mama yako hivi, mwambie mwanao vile, huku akiyapunguza makali njiani. Mkewe alipomwuliza anataka azikwe kwa nyimbo gani, alisema za kuvuta, mke wangu, kwa sauti yako. Binti alipomwuliza, alisema bendi yenu inanifurahisha sana, mwanangu. Alitaka amani, na kwa huko kutaka amani alituachia vita, halafu akafa kwa ugonjwa wake wa moyo akiwa ameshika kiatu cha mtu.

Nilikuwa jikoni kwao wakati mazishi yanapangwa, kwa sababu msiba ni msiba, na nilikuwa nimepeleka samaki wa kukaanga na mikate ya mihogo. Mchungaji alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu, jambo ambalo halikunipendeza. Akaeleza mpango kwa sauti laini. Kanisani zitaimbwa nyimbo za kuvuta, na Bi Ionie atatoa mistari. Kaburini itakuwa bendi, wataleta jenereta na spika moja. Nusu kwa nusu, alisema, na hivyo kila mmoja atakuwa amemheshimu Mzee Linval.

Lazima niseme jinsi tunavyozika, maana hapo ndipo penye shina la mambo yote. Kaburi la Linval lilijengwa nyuma ya nyumba, penye migomba, kwa matofali, karibu na wazazi wake. Jeneza likishashushwa, mafundi wanapanga mabamba ya zege juu yake na kuziba kwa saruji watu wote wakiwa wamesimama hapo. Na muda wote huo lazima watu waimbe. Mtu hafungiwi kimya. Kimya kikiingia kabla mwiko wa mwisho wa saruji haujapita, wazee wanasema marehemu ameachwa njiani, na familia yake itasemwa vibaya mpaka wajukuu. Kwa hiyo kanisani unaweza kuimba chochote. Penye kaburi ndipo kazi ilipo.

Bi Ionie aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Alimwambia Mchungaji kwamba amempa ganda na kumnyima ndizi. Sherene, ambaye alikuwa akikata limau akiwa ametupa mgongo, akasema bila kugeuka kwamba watu wanatoka Kingston na wengine wanatoka ng'ambo, hawajui kuvuta, wataona aibu kusimama midomo wazi. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mama yake kwa muda mrefu.

"Basi wajifunze au wanyamaze," Bi Ionie akasema.

"Mama mpendwa," Mchungaji akaanza, na meno yakatoka.

"Mimi si mpendwa wako. Sikiliza nikuambie. Hiyo spika ikiwekwa penye kaburi la mume wangu, sifungui kinywa. Mje kwa magoti, sifungui. Tuone mtamfunika kwa wimbo gani."

Sherene akaweka kisu chini. "Usifungue, Mama. Angalau siku moja na sisi tutasikika."

Kanisani Bi Ionie alitoa mistari, na alitoa kama hajawahi. Nilimchukia kwa jinsi alivyoimudu. Hata wale wa ng'ambo, na kofia zao kubwa, walijikuta wanavuta bila kujua wanavuta nini. Mzee wa pumu alingojwa. Mchungaji akahubiri kidogo, tukabeba jeneza, tukashuka na ile njia ya matope, na tulipofika penye migomba spika ilikuwa imeshasimama na jenereta inakohoa. Bi Ionie akaiangalia. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa karibu kabisa na shimo, akakunja mikono, akafumba macho.

Bendi ikaanza. Wageni wakapiga makofi. Nyimbo zao ni za furaha, na sisemi ni mbaya, ila ni fupi. Utamu wake uko kwenye kurudia maneno yale yale mpaka mtu apandwe na moto. Lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku, mchanga ulikuwa umelowa, saruji haikushika, na fundi Egbert hakuwa mtu wa kuharakishwa. Nyimbo zikaisha. Wakazirudia. Wakazirudia tena, na makofi yakapungua, maana hakuna anayeweza kupiga makofi muda mrefu hivyo huku anatazama jeneza la mtu linafunikwa. Sauti ya Sherene ikaanza kukwaruza. Mpiga ngoma akatazama vijiti vyake. Hatimaye wakanyamaza, na kilichobaki ni mwiko wa Egbert unaokwangua karai, na jenereta.

Bamba moja lilikuwa bado halijawekwa. Ungeweza kuona mbao za jeneza.

Watu wote wakamgeukia Bi Ionie. Hakufumbua macho. Mchungaji akamsogelea, akainama, akamnong'oneza, akamwita Mama, safari hii bila mpendwa. Bi Ionie akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Spika yako bado ina moto, Mchungaji. Iambie iimbe."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Mwanamke gani huyu, mumewe yuko chini hapo, na yeye anashindana na spika? Nikamwendea. Nikamwambia, "Ionie, huyo ni Linval."

"Najua ni nani. Nimelala naye maisha yangu yote. Wewe umelala na nani?"

Sikuolewa, na alijua linavyoniuma. Nikarudi nyuma hatua mbili ili mkono wangu usimfikie.

Ndipo tukasikia mstari umetamkwa. Mkavu, wa haraka, sauti ya puani kidogo, na akina mama wakubwa wakashtuka kwa sababu ilikuwa sauti ya babu yake Sherene, yule mtoa mistari aliyezikwa tukiwa wasichana. Lakini ilikuwa inatoka kwa Sherene. Alikuwa ameweka maiki kwenye majani. Watu wakaudaka ule mstari kama wenye kiu, wakauvuta.

Na akaukanyaga mkia. Mguu wake ulikuwa unapiga mapigo chini, polepole, bendi ilikuwa bado imo mwilini mwake, na mapigo yalipotimia akatamka mstari wa pili, sisi tukiwa bado tumo ndani ya wa kwanza. Wazee wakaguna. Akaukanyaga wa pili. Akaukanyaga wa tatu. Mpiga ngoma akaacha vijiti, akaanza kupapasa ngozi kwa viganja, kidogo sana, akiufuata mguu wake. Na wale wageni, walipoona kuna kitu cha kushika, wakashika. Ubeti wa pili ulipoingia, hata watu wetu walikuwa wameshaanza kufupisha, wanaushusha mstari mapema ili waufikie mwingine. Mchungaji akafumba macho, akatabasamu. Hicho ndicho alichokuwa akikitafuta miezi yote, na kilikuja chenyewe, na nitasema ukweli ingawa unaniuma: hakikuwa kibaya. Kilikuwa na uzito wa kwetu na mwendo wa kwao. Bamba la mwisho likawekwa juu ya Linval.

Nilimtazama Bi Ionie, nikauona uso ambao sijawahi kuuona. Alikuwa ameogopa. Alikuwa na silaha moja tu, kinywa chake, na alidhani akikifunga dunia itasimama. Aliweka rehani mazishi ya mumewe kwa imani hiyo. Na sasa Linval alikuwa anafunikwa, watu wanaimba, mambo yanakwenda, na yeye ameketi kwenye kiti cha plastiki.

Mstari uliofuata ulipofika mwisho, watu wakanyamaza pamoja, kwa mapigo, na Sherene akatamka mwingine. Chini ya maneno yake kulikuwa na sauti moja ambayo haikunyamaza. Ilikuwa ya Bi Ionie. Hakusimama, hakufumbua macho, ila alikuwa ameushika ule mkia na hauachii. Sherene akatamka juu yake. Mstari mwingine, ikawa hivyo hivyo: watu wote wameshavuka, na yule mama yuko nyuma peke yake, anaumaliza. Baadhi ya wageni wakageuka kumtazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Mmoja wao, mwenye kofia kubwa, akacheka kidogo.

Hicho kicheko ndicho kilichoniudhi. Nilikuwa na haki ya kumcheka mimi, niliyetukanwa naye miaka yote hiyo. Yeye mwenye kofia hakuwa na haki hiyo. Mstari uliofuata ulipofika mwisho sikunyamaza. Nikabaki naye. Sikufanya hivyo kwa kumpenda, nilifanya kwa hasira, lakini nilibaki. Tukawa wawili, na mzee wa pumu akaingia akawa wa tatu, na mstari wa Sherene ukaangukia juu ya sauti zetu, ukapotea, na watu hawakujua wachukue upi.

Wimbo ukavurugika. Ngoma ikanyamaza. Sherene akaja mpaka kwenye kiti, macho mekundu, jasho linamtiririka shingoni, akamwinamia mama yake.

"Mama, unatuchelewesha."

Bi Ionie akafumbua macho. Alimtazama mwanawe, kisha akalitazama lile bamba.

"Baba yako hana haraka," akasema.

Egbert, aliyekuwa amepiga magoti na mwiko mkononi, akaacha kupaka. Sherene alibaki pale ameinama. Nilidhani atampiga, au atalia, na sijui kama yeye mwenyewe alijua ni lipi kati ya hayo. Halafu akajinyoosha, akarudi penye kichwa cha kaburi, akamwonyesha mpiga ngoma kiganja asipige, na akatamka mstari ule ule uliokuwa umevurugika, tangu mwanzo.

Tukauchukua. Miguu ya Sherene yote miwili ilikuwa imetulia kwenye matope, haipigi mapigo tena. Tukauvuta, na wageni wakaanza kuacha mmoja mmoja, na watu wetu wakaacha, na mzee wa pumu akaacha, na mimi pumzi ikaniishia nikaacha. Bi Ionie hakuacha. Aliuvuta ule mkia kupita ulivyostahili, kupita alivyowahi kuuvuta baba yake au yeye mwenyewe, kidevu juu, machozi yakishuka mpaka kwenye kola. Namjua yule mwanamke, na najua kwamba sehemu ya urefu ule ilikuwa chuki, alikuwa anamwadhibu yule binti mbele za watu. Iliyobaki ilikuwa ya Linval.

Sherene alikuwa na mstari unaofuata mdomoni, tuliuona. Egbert akachota saruji, akaipaka, akalainisha ukingo, akachota nyingine, na Sherene alikuwa bado anamngoja mama yake.